Nifume nini kwa kroshia ili uwanja wa nyuma uchangamke kufikia Januari?

MkeMwana_Buruburu

Habari zenu, wapenzi wa uzi. Naomba mawazo, na mnivumilie maana nina maelezo marefu kidogo.

Tunakaa Buruburu, Nairobi. Nyuma ya nyumba kuna uwanja wa hatua tisa kwa sita hivi: ukuta wa mawe ya kijivu pande tatu, tangi jeusi la maji la lita 1,000 pembeni, kamba mbili za nguo kwenye vyuma, bogenvilia moja changa na sukuma wiki nilizopanda kwenye magunia. Saa hizi mvua za vuli bado hazijatuaga, kwa hivyo kuna kijani. Lakini ninajua kufika katikati ya Januari jua litakuwa limekausha kila kitu, na utabaki ukuta tu.

Mama mkwe alikuja kukaa nasi tangu Agosti baada ya kuvunjika mguu. Asubuhi tunamtolea kiti kwenye mlango wa nyuma, anaota jua hapo mpaka saa sita. Macho yana mtoto wa jicho na bado anangoja tarehe ya upasuaji. Juzi akaniuliza, "Lile ua jekundu pale umelipanda lini?" Nikatazama. Ilikuwa ndoo ya kufulia. Alikuwa ameikalia macho asubuhi nzima akiamini ni ua. Nilimwambia ukweli, akanyamaza, na tangu siku hiyo roho yangu haijatulia. Nataka awe na kitu cha kutazama.

Kufuma ninajua, mama alinifundisha vitambaa vya makochi nikiwa darasa la tano. Mwaka jana nilifuma bendera ndogo za pembetatu kwa uzi wa pamba, nikazitundika ukutani Februari. Dukani niliambiwa rangi haichuji. Baada ya wiki tano nyekundu ilikuwa imepauka kama kanga ya kufungia mtoto. Masika ikaja, zikalowa siku tatu mfululizo, zikashika madoa meusi ya ukungu, nikazitupa zote. Usiku wa miezi miwili ulienda hivyo.

Nitumie uzi gani? Nifume vitu gani? Na nivitundike lini? Mitindo ninayoiona mtandaoni inasema ni ya msimu wa joto, Juni na Julai, wakati ambapo sisi huku tunatafuta sweta.

ShoshoWaKahawa

Mwanangu, hiyo ndoo imenifanya nivae miwani nikae chini nikuandikie. Mimi niko Kahawa West, ninafuma tangu 1974, na nimeharibu uzi mwingi nje kabla ya kuelewa.

Anza na kalenda. Hao wa Juni wako Uingereza na Marekani, kiangazi chao ndicho hicho. Chetu kinaanza vuli ikishakatika Desemba, mpaka masika iingie Machi. Mimi ninafuma Julai kukiwa na baridi, ninatundika wiki ya Krismasi, na mawingu ya Machi yakianza kujikusanya ninateremsha, ninafua, ninakunja. Kitu cha uzi usikiache nje masika nzima, hata kiwe cha uzi gani.

Pamba inakunywa maji na kukaa nayo. Ndiyo maana inafaa kwa taulo na haifai ukutani. Ukungu unapenda mahali pa aina hiyo. Sufu halisi ikilowa na kupigwa na upepo inajisokota na kusinyaa. Chukua akriliki, ule uzi wa kawaida wa sweta za shule. Maji hayaingii sana ndani yake, unakauka upesi, na jua unalivumilia kuliko nailoni. Lakini usitarajie miujiza. Tuko karibu na ikweta, tena juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na miale inayopausha rangi huongezeka kwa kama asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Jua la hapa linakula rangi huku wewe unaona hali ya hewa ni baridi tu. Kwangu nyekundu ndiyo hutangulia kwenda. Manjano ya kukolea imenidumia misimu mitatu.

Sasa mkweo. Mimi mwenyewe nilitolewa mtoto wa jicho, kwa hivyo hili ninalijua kwa macho yangu. Unaona kama kupitia kioo cha chai. Buluu na zambarau zinapotea, zinakuwa kijivu. Manjano, chungwa na nyekundu ndizo zinazokufikia, na zinakufikia vizuri zaidi zikiwa juu ya kitu cheusi. Vitu vidogo vidogo hata usihangaike navyo, vinayeyuka.

Mwanangu, una tangi jeusi! Achana na ukuta. Hilo tangi ndilo ubao wako. Mfumie maua makubwa ya manjano na chungwa, kila moja upana wa sahani ya chai, uyapange upande unaotazama kiti chake. Kumi na mawili yanatosha.

Ninavyoyafuma: ninashika nyuzi mbili za akriliki pamoja kama uzi mmoja, sindano ya kroshia ya milimita 6. Mnyororo wa vishono sita, unaunganisha uwe duara. Kisha mnyororo wa vitatu, vishono virefu viwili ndani ya duara (kirefu ni kile unachozungusha uzi kwenye sindano mara moja kabla ya kuingia), mnyororo wa vitatu tena, unafunga kwa kuteleza ndani ya duara. Hiyo ni petali moja. Rudia mpaka ziwe tano. Hapo una ua dogo. Ili likue, pitia nyuma ya petali ufume minyororo mitano ya vishono vitano vitano, kila mmoja ukikamata nyuma ya petali yake, kisha ujaze kila mnyororo kwa vishono virefu saba. Safu ya pili inatokeza chini ya ya kwanza kama sketi. Usikaze mkono kwenye ile minyororo ya nyuma. Ukikaza, ua linajikunja kama kikombe na halitalala bapa tangini.

Ya kuyashikilia ni rahisi. Fuma mikanda miwili mirefu ya kuzunguka tangi, mmoja juu na mmoja katikati, na uyashonee maua hapo. Funga mikanda kwa fundo la kufungulika, utahitaji kuiteremsha Machi.

MicheNaManila

Shosho amemaliza habari ya uzi, mimi niongeze ya kamba. Ninauza miche kando ya Barabara ya Ngong, na vyungu vyangu vya kuning'inia ninavifumia wavu mwenyewe kwa kamba nyembamba ya manila, ile ya plastiki, sindano ya milimita 8. Mikono inauma siku za kwanza, sikufichi dada. Ila manila hainywi maji kabisa, na inapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi, manjano, kijani, buluu, chungwa. Ncha usifunge fundo, zichome kwa kiberiti ziyeyuke, hazitafumuka tena.

Mambo mawili. Kopo la lita mbili likijaa udongo na kunyweshewa linakaribia kilo tatu, kwa hivyo usitundike kwenye kamba ya nguo. Tafuta msumari wa zege au kile chuma chenyewe. La pili, manila nayo inazeeka juani. Ukiikunja ukaona inatoa unga mweupe, ibadilishe siku hiyo hiyo, kabla chungu hakijamwangukia mtu.

Panda jirania nyekundu humo. Inavumilia kiu ya Januari kuliko maua mengi ninayouza, na mama ataona ua la kweli karibu na yale ya uzi.

Ufumaji_Umoja

Na hivyo vyuma vya kamba za nguo je? Vivishe. Fuma kitambaa kirefu cha mistari ya manjano na nyeusi, ukizungushe kwenye chuma na kukishona ubavuni. Dada mmoja wa Houston, Marekani, Magda Sayeg, alianza mwaka 2005 kwa kuvisha kitasa cha mlango wa duka lake tu, na watu wakaanza kuvisha nguzo na miti miji mingi duniani. Chuma kinakubali kuvishwa. Bogenvilia yako changa usiivishe wala kuifunga mkanda, shina linanenepa na uzi haunenepi.

Halafu kitu ninachokijali sana: ndege. Kama kuna minana karibu, watakuja kuvuta nyuzi zilizoning'inia wakajengee viota. Mtu anaona ni kitu kizuri, lakini uzi mwembamba unaweza kumzunguka kinda mguuni ukamkata. Niliwahi kumkuta mmoja hivyo kwenye mparachichi wa jirani, mguu umeshakuwa mweusi. Kwa hivyo kila ncha ificheni kwa sindano ya kushonea, ipite ndani ya vishono angalau mara tatu ikienda na kurudi, kisha mkate karibu kabisa. Na wavu wenye matundu makubwa usiachwe ukilegea.

ShoshoWaKahawa

Hilo la ndege ni kweli kabisa, asante kwa kulisema. Mimi ninaficha ncha mara nne.

Kijana wa miche, na mkonge? Watu wengi wa viondo huku Kariokor watamwambia atumie mkonge.

MicheNaManila

Mkonge ni mzuri sana chini ya paa, shosho. Nje ukilowa na kukauka na kulowa tena unaoza kuanzia kwenye fundo, ndani, mahali ambapo huoni. Nilipoteza vyungu viwili hivyo. Kibarazani sawa, uwanjani hapana.

MkeMwana_Buruburu

Nimerudi, na leo ni tarehe 9 Januari. Samahani kwa kimya.

Nilinunua akriliki Mtaa wa Biashara, manjano mbili na chungwa moja, nikafuma usiku baada ya watoto kulala. La kwanza lilijikunja kikombe kama shosho alivyosema. Nikalifumua lile zunguko la nyuma, nikalegeza mkono, likalala bapa. Kufikia mkesha wa Krismasi nilikuwa nimepata tisa. Mume wangu akafunga mikanda kwenye tangi, mmoja juu na mmoja katikati, mafundo ya kufungulika. Ncha zote nimezificha mara nne.

Asubuhi ya Krismasi tukamtoa mama mkwe kama kawaida. Sikumwambia kitu, nikaenda jikoni. Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai niliposikia anahesabu kwa sauti kule nje, kwa Kikuyu, ĩmwe, igĩrĩ, ithatũ, mpaka kenda. Akarudia tena kutoka mwanzo.

Baadaye akaomba nimletee moja alishike. Nikamfungulia lile la pembeni. Akalipapasa petali moja moja kwa kidole gumba, akasema, "Hili lina sita." Nikahesabu, na kweli nilikuwa nimepitiliza. Akaniambia nimpe sindano na uzi, yeye alikuwa akifuma kabla mimi sijazaliwa. Sikujua. Miaka kumi na minne ya ndoa, na sikujua kwamba anajua kroshia, kwa sababu macho yalikuwa yameshaanza kumwacha nilipoolewa. Anafuma kwa vidole, hatazami kabisa. Amefuma matatu, petali tano tano, mkono wake umelegea sawasawa kuliko wangu. Kwa hivyo yametimia kumi na mawili.

Sasa anataka kuanza mkanda wa tatu wa chini ya tangi, na manjano inakaribia kwisha. Nilirudi duka lile lile, wakanipa manjano nyingine. Nilipoiweka juani kando ya ile ya kwanza, hii mpya inaelekea ndimu. Shosho, unanunua wapi ile yako iliyodumu misimu mitatu? Na je, nichanganye uzi mmoja wa zamani na mmoja wa mpya ndani ya ua moja, au nifume mkanda mzima kwa huu wa ndimu peke yake?

ShoshoWaKahawa

Changanya, nyuzi mbili pamoja, moja ya kila rangi, kuanzia mkanda wa chini kwenda juu. Na siku nyingine ukinunua, angalia ile karatasi iliyozungushwa kwenye uzi: kuna namba ya rangi na namba ya mtungi wa kutilia rangi. Zote mbili zilingane, la sivyo si manjano moja. Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze duka, nina mipira miwili ya ule uzi wangu hapa kabatini na haifanyi kazi yoyote. Mwambie mama mkwe wako ninamsalimu, na nimeuliza kama anajua ule mtindo wa nanasi.