Mpiga drams alipwe kipande chake kikikatwa?

MADA: Wimbo "Funky Drummer" ulirekodiwa Cincinnati, Marekani, 1969. Drams alipiga Clyde Stubblefield, lakini mtunzi aliyeandikishwa ni mwimbaji James Brown peke yake. Kile kipande cha drams kimekatwa na kutumika kwenye nyimbo chungu nzima za hip-hop. Stubblefield akafariki 2017 bila kuwa na fungu lolote la utunzi. Sheria ya Marekani ibadilishwe?

Msanturi: Ibadilishwe, tena haraka. Sikilizeni yale mapigo ya chini chini ya snea, ile ngoma yenye mlio mkali, kati ya mapigo makubwa. Wanachokata maprodyuza ni mikono ya yule mtu.

Fundi Mitambo: Mkuu, kuna haki mbili hapo: ya utunzi na ya rekodi. Anayekata kipande anaomba kibali kwa wenye haki zote mbili, na mpigaji wa kukodiwa hayumo popote, ujira wake alishapokea studio. Ukiongeza mtu wa tatu wa kulipwa, prodyuza ataita mpigaji mwingine arudie mapigo yaleyale. Hapo rekodi haijaguswa, na Stubblefield hapati senti.

Msanturi: Kwa hiyo tuache aliwe kwa kuwa kumla ni rahisi?

Binti Kaseti: Taratibu na neno kula. SP-1200, mashine ya kunasia vipande vya sauti ya 1987, ilibeba sekunde 10 tu kwa jumla, na sauti moja haikuzidi sekunde 2.5. Ili kipande kitoshe, watu walicheza santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya 45, wakainasa, kisha wakairudisha kasi chini ndani ya mashine. Ule ukwaruzo uliobaki ndio ladha yenyewe! Kiki, yaani ngoma kubwa ya mguu, na snea zikapangwa upya kabisa. Huo nao ni utunzi. Baada ya hukumu ya 1991 dhidi ya rapa Biz Markie kwa kutumia kipande bila kibali, albamu za vipande vingi zikabaki za wenye fedha. Na mahakama za rufaa zenyewe hazielewani: moja mwaka 2005 ilidai kibali hata kwa kipande kidogo, nyingine 2016 ikaruhusu sekunde 0.23 za ala za kupuliza kwenye wimbo wa Madonna.

Fundi Mitambo: Njia ipo. Mirabaha ya redio za intaneti na setilaiti tayari inatenga asilimia 2.5 kwa wapigaji wasio na jina kwenye jalada. Hela ya vibali vya vipande haimo. Iingizwe, ikatwe kwenye fungu la lebo, yaani kampuni ya rekodi, si kwa prodyuza.

Binti Kaseti: Lebo zitapandisha bei ya kibali, kaka, na prodyuza ndiye atakayelipa.

Msanturi: Basi bei nayo iwekewe kikomo kisheria, kama ilivyo kwa kurudia wimbo wa mtu.