Kuhamia mtaa unaokuja juu: niangalie nini kabla sijasaini?

Mama Pacha: Wakuu, habari zenu. Nimepanga karibu na katikati ya jiji kwa miaka 6 na sasa kodi imenishinda. Nimepata nyumba ya vyumba viwili pembezoni, kwa nusu ya kodi ninayolipa. Dalali anasema eneo linakuja juu, kituo cha treni kinajengwa jirani. Mimi ni muuguzi, zamu za jioni zinaisha saa sita usiku, na nina pacha wa miaka 5. Nilikwenda Jumapili mchana nikapapenda mno, watoto wanacheza nje, kumetulia. Lakini roho inasita na sijui kwa nini. Mliowahi kuhamia mitaa ya hivi, nisaidieni.

Mzoefu: Dada, Jumapili mchana kila mtaa unapendeza. Rudi siku ya kazi, saa ileile unayotoka zamu, kwa basi lilelile utakalopanda.

Mimi nilihamia mtaa wa namna hiyo miaka 9 iliyopita na bado nipo, kwa hiyo sikukatishi tamaa. Ila nilikosea mawili. Kwanza muda. Cesare Marchetti, mwanafizikia wa Italia, aliandika mwaka 1994 kwamba kwa wastani watu hutumia kama saa moja kwa siku kusafiri, enzi hata enzi. Mimi nilikuwa njiani masaa matatu. Kodi ilishuka kweli, lakini mwanangu nilikuwa namkuta amelala, naondoka bado amelala. Hilo liliniuma kuliko kodi yoyote.

Pili ukuta. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi, bado inanukia. Mvua za kwanza zilipopiga, nyuma ya kabati ukajitokeza mstari wa kahawia, usawa wa goti, umezunguka chumba kizima. Maji yaliwahi kuingia mpaka pale, rangi ikaja kufunika. Nilipomwonyesha mzee wa nyumba ya pili alisema tu, "Ungeuliza, ningekwambia." Basi wewe uliza. Usimuulize dalali, muulize anayefagia mlango wa jirani. Na sogeza makabati.

Mpangaji wa Zamani: Nadhani roho yako inasita kwa sababu ya hicho kituo. Kikifunguliwa, kodi zitapanda. Mwanasosholojia Ruth Glass aliliandika hili mwaka 1964, alipoona mitaa ya wafanyakazi ya London ikichukuliwa na wenye uwezo zaidi hadi wenyeji wakahama. Mimi mwenyewe nilihamishwa hivyohivyo: barua ya ongezeko ilifika mwezi wa 13, na mkataba wangu ulikuwa wa miezi 12. Omba miaka 3, na kiwango cha kupandisha kodi kiandikwe. Ahadi ya mdomo usiipokee, hata kama mwenye nyumba ni mtu mwema.

Mwalimu: Shule iko umbali gani? Pima kwa miguu ya hao pacha, si kwa yako.

Mama Pacha: Asanteni sana, nawashukuru kwa moyo wote. Jana nilitoka zamu nikaenda moja kwa moja kituoni. Nimesoma ratiba kwa tochi ya simu: basi la mwisho la kule linaondoka saa tano na nusu. Nyumba sikufika. Kesho naanza na msimamizi wangu wa zamu, mwenye nyumba atafuata.