Spika za kusimama za hali ya juu kwa chumba kikubwa: nianzie wapi?

SautiSafi: Ndugu zangu, nina chumba maalumu cha kusikilizia muziki chenye urefu wa mita 9, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3.5. Spika zangu za sasa ni ndogo, za kuwekwa juu ya stendi, na zimeelemewa: nikipandisha sauti ili okestra isikike kama okestra, fidla zinakuwa kali na besi inakauka. Nimeweka akiba kwa miaka mingi, na sasa nataka spika za kusimama, zile ndefu zinazokaa sakafuni, ambazo sitazibadilisha tena. Ninayumba kati ya KEF Blade One Meta na Bowers & Wilkins 801 D4. Spika huwa naziweka nusu mita kutoka ukutani, kochi liko katikati kabisa ya chumba, umbali wa mita 4 hivi, na amplifaya yangu ni ya wati 100 kwa omu 8. Nichague zipi?

FundiMawimbi: Kabla hujatoa hata senti moja, sogeza kochi. Chumba cha urefu wa mita 9 kina mawimbi yake yanayosimama, yaani sauti nene zinazogonga kuta na kurudi hadi zikavimba mahali fulani na kuzimika pengine: la kwanza liko karibu na hezi 19 (mitetemo 19 kwa sekunde), la pili 38, la tatu 57. Ukikaa katikati kabisa, la kwanza na la tatu huzimika masikioni mwako, ilhali la pili huvimba. Hiyo 57 iko jirani kabisa na uzi wa A wa gitaa la besi, wenye hezi 55, kwa hiyo mpigaji akiupitia utaisikia noti ikififia kana kwamba amelegeza vidole, kisha zinazofuata zinarudi na nguvu zake. Shimo hilo halizibwi na spika ya bei yoyote. Zivute spika hadi mita 1.5 kutoka ukuta ulio nyuma yake, na kochi liwe mita 5.6 kutoka ukuta huo huo. Umbali wako na spika hautabadilika sana.

MkaaMbali: Naongezea suala la nguvu, kwa sababu ndilo lililoniumiza mimi. Unyeti wa spika, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa nguvu ileile ya umeme, hupimwa kwa umbali wa mita 1, na mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, ingawa kuta za chumba hukurudishia kiasi. Spika yenye unyeti wa desibeli 93 hutoa kwa wati 25 sauti ileile ambayo yenye 87 huitoa kwa wati 100. Nilinunua spika nzuri mno zenye unyeti mdogo, nikaziunganisha na amplifaya dhaifu, na kwa mwaka mzima nilidhani kasoro ni ya spika. Hizo mbili unazozitaja zina unyeti wa kadiri, 88 na 90, tena ukinzani wake wa umeme, unaopimwa kwa omu, huteremka hadi karibu omu 3, jambo linaloidai amplifaya mkondo mwingi wa umeme. Kama huna nia ya kubadilisha amplifaya, zisikilize pia zile za honi, zenye mdomo mpana kama wa tarumbeta unaokuza sauti: Klipschorn, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1946, ina unyeti wa desibeli 105, ila ilibuniwa kukaa kwenye pembe za chumba, kwa hiyo hutaweza kuisogeza upendavyo.

FundiMawimbi: Ni kweli. Kati ya hizo mbili, mimi ningechukua Blade ikiwa hukai peke yako, kwa kuwa sauti zake za kati na nyembamba hutoka sehemu moja, na anayekaa ukingoni mwa kochi hapunjwi sana.

SautiSafi: Nimesogeza kochi jana jioni na kuweka rekodi ya besi ya kusimama ninayoijua noti kwa noti. Ile A imerudi, nene na yenye mwisho wake. Ukali wa fidla haujaondoka, kwa hiyo sasa naamini ni spika zenyewe. Nitaomba kuzisikiliza zote mbili humu humu chumbani, kwa amplifaya ya kuazima yenye nguvu zaidi, na huwa tunakaa watatu.