Wauza GPU Kariakoo, acheni kutufungia adapta za SATA kwenye mashine za wati 290!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naongea.

Nilikwenda duka moja Kariakoo kutafuta GPU (kadi ya picha) ya kuhariria video na kuchezea gemu. Sikwenda na maelezo ya mdomo tu, mashine yenyewe niliibeba: Dell OptiPlex 9020, ile ndefu, toleo la 2013, hizi za ofisini zinazoingia nchini kama mtumba. Muuzaji kafungua mfuniko mwenyewe, kachungulia ndani, akaniambia, "Bosi, hii inabeba RX 580 bila wasiwasi." Kibandiko cha pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine, kiko mbele ya macho yake, kimeandikwa wati 290!

Hebu tupige hesabu aliyotakiwa kuipiga yeye. RX 580, GPU hiyo aliyonichagulia, ikikolea inakula wati 185. Prosesa yangu, i5-4590, ni 84. Hapo tayari ni 269, bado hujagusa diski, RAM, feni wala vitu vya USB. Halafu saplai hiyo haina hata waya wa pini 8 wa kulishia GPU. Mfanyabiashara mwenye utu angeishia hapo. Huyu akavuta droo, akatoa adapta ya kuchukulia umeme kwenye SATA, yaani waya wa diski, na hela yake akaidai.

Kichwa cha SATA kazi yake ni kulisha diski. Kwenye volti 12 kina pini 3, kila moja ampea 1.5, kwa hiyo mwisho wake ni wati 54. Soketi ya pini 8 ya GPU inaruhusiwa kuvuta mpaka 150. Ndiyo maana mashine ikawa inazima ghafla kila gemu likishika kasi, na mwishowe ikaja harufu ya plastiki inayoungua. Kichwa kimeyeyuka, kimegandana na adapta. Chumba hicho hicho wanalala wanangu. Mnaelewa kwa nini nina hasira?

Kurudi dukani naambiwa umeme wa mtaani kwetu ni mchafu. Eti ninunue saplai nyingine, "ya wati 500". Nikasoma maandishi madogo ubavuni: volti 12, ampea 16. Zidisha mwenyewe, ni wati 192, na GPU na prosesa zinakula hukohuko kwenye volti 12. Hiyo 500 imetoka wapi? Na hata ingekuwa ya kweli, waya wake mkubwa wa pini 24 usingeingia, kwa sababu mazabodi (bodi kuu) ya 9020 ina soketi yake ya pini 8. Ingebidi niuziwe adapta nyingine tena! Mtu anayeuza mashine hizi kila siku hawezi kudai hajui hilo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kadi sahihi alikuwa nayo rafuni. GTX 1650 isiyo na soketi ya umeme inajitosheleza na wati 75 za sloti inamochomekwa kwenye mazabodi. GTX 1050 Ti zipo za hivyo pia, na RTX 3050 ya GB 6 ni wati 70. Mimi nahisi walitaka tu kumaliza mzigo wa RX 580 zilizochoka kwa kuchimbia sarafu za kidijitali.

Na wasinionyeshe kile kibao cha "mali iliyouzwa hairudishwi". Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inasema ukimweleza muuzaji kazi unayotakia kitu, ukategemea utaalamu wake, kitu hicho lazima kiifae kazi hiyo. Mimi nilimweleza, na kadi akachagua yeye.

Nataka wabadilishe hiyo kadi wanipe 1650, na hela ya adapta irudi. Aliyewahi kudai haki yake kwa maduka haya akafanikiwa, aniambie alianzia ofisi gani. Na wewe uliyefungiwa GPU kwa adapta ya SATA, zima mashine sasa hivi ukishike hicho kichwa cha SATA. Kikiwa cha moto, usiiwashe mashine tena.