Tupeane uzoefu: waliokimbia vita na kazi hapa Mombasa

Fundi wa Bondeni (mwanzisha mada)
Asalaam aleikum, habari zenu wote. Nina karakana ya kushona sare za shule. Tangu Goma na Bukavu kule Kongo zitekwe na waasi wa M23 mapema 2025, mafundi Wakongomani wamezidi kunijia kuomba kazi, na wengine ni mahodari kupita mafundi wengi niliowazoea. Mliopitia hali hii, na nyinyi mliowaajiri, elezeni. Mlianzaje? Malipo je?

Mzaliwa wa Barawa, Kisauni
Sisi tulifika kwa jahazi baada ya serikali ya Siad Barre kule Somalia kuanguka Januari 1991. Tukawekwa kambi ya Utange. Lugha haikutusumbua, maana Chimwiini, lugha yetu ya Barawa, na Kiswahili ni ndugu. Marehemu mama alidarizi kofia, kazi aliyokulia nayo Barawa, na wanunuzi walikuwepo tele Mombasa. Kilichokosekana ni pa kudai haki. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akizichukua, akishauza ndipo alipe, tena kiasi alichopenda mwenyewe. Ungemshtaki wapi? Sheria ya kwanza ya wakimbizi Kenya ilikuja 2006. Na kambi za Mombasa zilipofungwa, wengi wetu walipelekwa Kakuma na Dadaab, mbali kabisa na soko. Watu waliokuwa wakijilisha wenyewe wakawa wa kupanga foleni ya mgao. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mama Vitenge, Kongowea
Pole sana, baba. Mimi ni muuguzi, nimetoka Bukavu. Sasa nauza vitenge. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inanipa haki ya kufanya taaluma yangu vyeti vyangu vikishatambuliwa hapa. Vyeti ni vya Kifaransa, kwa hiyo vitafsiriwe, halafu Baraza la Wauguzi la Kenya lijiridhishe. Sehemu ya karatasi zangu ilibaki chuoni, na chuo kiko kulikotekwa. Nimwandikie nani kule? Juzi jirani alishikwa na uchungu usiku, wakaja kuniita mimi. Mtaa unanijua kuwa muuguzi.

Gereji Changamwe
Nina kijana Msomali, fundi wa injini za dizeli. Naogopa kumwandika nisije nikashikwa mimi.

Fundi wa Bondeni
Gereji, usimwache. Kuna kibali cha kazi cha daraja M, cha wakimbizi, na hakilipiwi ada. Fundi wangu mmoja nilimfuatilia mwenyewe: unaandika barua kuwa unamhitaji, Idara ya Huduma za Wakimbizi inatoa barua yake ya kumpendekeza, ndipo ombi linakwenda Uhamiaji. Subira itahitajika. Kikitoka, mpe mkataba wa maandishi na mshahara sawa na wenzake, kwa sababu Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa uraia wake. Anayemlipa nusu kwa kuwa hana pa kukimbilia anamdhulumu, na anawashushia ujira hata vijana wetu wa hapa.

Mama Vitenge, swali lako limenizidi. Kuna muuguzi au mkunga humu aliyesomea Kongo, Burundi au Somalia akasajiliwa Kenya? Cheti kilichobaki vitani ulikithibitishaje? Tafadhali andika hatua zote, hata zile zilizogonga mwamba.