Mlinzi kaja kunidai mchango wa ulinzi KAVAA JAKETI LA MUME WANGU!!!

Mama Mchele:

Jamani naandika huku mikono inatetemeka na wala sio baridi ya mwezi wa saba, ni hasira. Wa Mbalizi hapa Mbeya mnamjua ninayemsema, simtaji jina maana hata nisipomtaja mshamjua, ni yule yule wa filimbi, yule yule wa "mama lala salama tupo". Mtu huyu leo jioni kaja mlangoni kwangu kunidai hela ya ulinzi akiwa kavaa jaketi la mume wangu. LA MUME WANGU. Lile lililoibiwa kambani.

Nianze vizuri msije mkasema nachanganya. Mnajua sisi tunarudi usiku, kwahiyo unaanika leo unaanua kesho. Nimefua, nimeanika, tumelala. Asubuhi kamba tupu. Wamebeba jaketi, wamebeba sare ya mtoto ya shule ikiwa bado inachuruzika maji, wamebeba shuka, wamebeba mpaka VIBANIO. Mwizi gani anabeba vibanio vya nguo jamani, si ina maana ana kamba kwake na yeye anaenda kuanika? Wamekunywa na maji ya ndoo, kata nimeikuta chini. Nikanyamaza, nikasema ni wapita njia wa barabarani, mji huu uko njiani, kila gari la Tunduma linapita hapa.

Sasa leo. Nimetoka zangu Mwanjelwa nimechoka, hata kanga sijabadilisha, nasikia hodi. Nafungua, ni yeye, daftari kwapani, rungu mkononi, filimbi shingoni. "Shikamoo mama, nimekuja kwa ajili ya ule mchango." Naangalia usoni, nashuka kifuani, namwona mume wangu kasimama pale bila kichwa cha mume wangu! Jaketi la bluu zipu nyekundu. Zipu nyekundu ile tulimwekea kwa fundi baada ya ya kwanza kufa, fundi hakuwa na bluu. Na mkono wa kulia una kiraka cha kitenge cha njano nilishona mwenyewe pale lilipoungua na jiko la mkaa. Mbeya nzima, Songwe nzima, ukivuka mpaka hadi Zambia hakuna jaketi la pili la hivyo.

Na mnajua alifanya nini? Upepo ukapiga, AKAVUTA ZIPU HADI KOONI. Mbele yangu. Taratibu. Kisha akaniambia, nisikilizeni vizuri, akaniambia "mama siku hizi wezi wamezidi, msiwe mnaacha nguo nje usiku."

Nikamwambia hilo jaketi umelitoa wapi. Akasema kanunua mtumba. Nikamwambia mtumba gani una kitenge changu? Akafungua daftari akaandika jina langu, akasema amenihamishia kwenye wadaiwa sugu na litasomwa kwenye mkutano wa kitongoji. Yaani mimi nitasomwa mbele za watu, na anayesoma atakuwa na joto la jaketi langu!

Huu mji sisi tunakuja kulala tu. Saa kumi na moja alfajiri sisi wote tupo kituoni tunagombania gari, huyu anaenda Kabwe, huyu Soweto, huyu Mwanjelwa, huyu Uyole, tunarudi saa tatu usiku. Mchana nyumba zina watoto na kuku. Nani anajua zaidi nyumba ipi haina mtu kuliko anayezunguka na daftari la majina ya kaya zote? Tangu waanze kupanua ile barabara ya njia nne toka Nsalaga mpaka Ifisi ndo kabisa, vumbi na michepuko, unashuka gizani hujui unakanyaga mtaro au mtu. Tukasema sawa, tuchange, tuwe na walinzi wetu. Tumechanga. Mitungi ya gesi inaondoka, betri za sola zinaondoka, jirani yangu kaibiwa kuku pamoja na banda. Banda! Na mlinzi anazidi kupendeza kila wiki.

Ile zipu jamani. Alivyoivuta ile zipu. Siwezi kula.

Bonge wa Iwambi:

Mwe! Akavuta na zipu???

Mama Mchele:

AKAVUTA. Mpaka kooni. Ningekuwa na presha saa hizi mngekuwa mnachanga rambirambi, na yeye ndo angepita na daftari kuzikusanya.

Fundi Bati:

Sasa mama na wewe, jaketi la bluu zipu nyekundu kiraka cha njano, hilo si jaketi hiyo ni bendera. Huyo kijana amekusaidia kulitoa hadharani, mzee alikuwa anateseka kimya kimya 😂😂

Mama Mchele:

Cheka tu Fundi Bati. Mume wangu analivaa kwenda kupakua magunia usiku, hajawahi kulivaa kwenda harusini. Na hata lingekuwa gunia la mkaa, ni gunia LANGU.

Jirani Mwema:

Mimi nakaa kitongoji hicho hicho na namfahamu huyo bwana, nathibitisha. Kuna siku alipita na redio inaimba mfukoni, mke wangu akasema hiyo sauti mbona kama ya redio yetu, nikamwambia redio zote sauti moja. Kumbe. Halafu kitu kingine hakuna risiti, unatoa 2,000 anaandika kwa penseli. Penseli! Mwenyekiti tumemchagua Novemba 2024 kwa mbwembwe zote, mpaka leo mapato na matumizi ya ulinzi sijayasikia yakisomwa.

Mzee Komoni:

Vijana mmeharibu. Sungusungu ilipoanza kule kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa ni watu wenyewe wanalinda mali zao, ng'ombe wao. Hakuna aliyelipwa. Kila kaya inatoa mwanaume anakesha na wenzake. Hata alipokuja mkuu wa polisi, IGP Said Mwema, 2006 na polisi jamii yake, ulinzi shirikishi maana yake ilikuwa tushirikiane, zamu kwa zamu. Nyie mkaona baridi, mkaona mpira wa Ulaya, mkaajiri mtu hamjui alikotoka mkampa filimbi. Mnalala yeye yuko macho na kamba zenu zimejaa nguo, mlitegemea nini.

Fundi Bati:

Mzee zamu kwa zamu nani akeshe na saa kumi na moja anatakiwa kituoni? Wewe mwenyewe jana saa mbili usiku nimekuacha kilabuni unalinda dumu.

Mzee Komoni:

Dumu langu halijawahi kuibiwa.

Msomi wa Soweto:

Mama Mchele pole sana. Naomba unisikilize kwa utulivu. Usimfuate kulivua hilo jaketi, likirudi kwako kesi imekufa. Nenda kituoni kesho ufungue taarifa, RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, ni bure, usitoe hata mia. Eleza hizo alama, zipu na kiraka, huo ndo utambuzi wa mali na wewe unao mzuri kuliko watu wengi, wengi wanaenda kusema "jaketi la bluu" basi. Yule fundi aliyeweka zipu ni shahidi, mume wako ni shahidi. Kitenge kilichobaki baada ya kushona kiraka kama unacho kiweke vizuri. Na hata aking'ang'ania kwamba alinunua, kupokea mali ya wizi huku unajua ni ya wizi nalo ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwahiyo ataje aliyemuuzia. Shida ya kesi za kwetu sio kwamba mwizi hajulikani. Anajulikana, anasalimiwa, anakopeshwa vocha. Siku ya kutoa ushahidi watu ndo wanakuwa na msiba kijijini wote kwa pamoja.

Mama Mchele:

Ahsante sana, ndaga fijo. Kitenge ninacho, nimelalia foronya yake. Fundi nitamtafuta. Ila Msomi hujaiona ile zipu ilivyopanda.

Kijana wa Tarafani:

Mambo ya RB mtakesha. Pigeni yowe la mwizi siku akipita, dakika 5 hakuna mchango tena.

Mwalimu Mstaafu:

Wewe kijana futa hayo maneno. Nimeishi Mbeya miaka mingi, nimeona mtu akichomwa tairi barabarani kwa kosa ambalo baadaye likajulikana sio lake. Akiwa ameiba au hajaiba, ana mama yake. Jaketi linashonwa lingine, mtu hashonwi. Mama Mchele fuata alichosema Msomi.

Mama Mchele:

Mwalimu sijasema auawe na sitaki. Nataka avue. Avue mbele ya mkutano, anyooshe, akunje, anikabidhi, na sare ya mtoto irudi maana mtoto anaenda shule na sketi ya dada yake imemzidi. Na vibanio vyangu.

Dereva wa Tunduma:

Nyie mna nguo za kambani, njooni mtuulize sisi tunaolaza magari kando ya hiyo barabara. Unalala kwenye kabini unaamka tenki limenyonywa dizeli, turubai limechanwa kwa kisu, na aliyekuuzia chai usiku anakuambia pole dereva kwa huruma kabisa. Pale mlimani gari linapanda na mzigo kwa gia ya kwanza, vijana wanadandia nyuma wanashusha mifuko, mwenzao anakupungia mkono mbele akuchekeshe. Nimewahi kufika na nusu mzigo, bosi akanikata mshahara. Jaketi? Ningeshukuru wangechukua jaketi.

Kaka wa Uyole:

Mbalizi mna wezi wapole bado, anabisha hodi na anasema shikamoo. Uyole huku bodaboda inapita, mmoja anaendesha mwingine kakaa nyuma, unasikia begani upepo, pochi imeshafika njia panda ya Tukuyu. Simu yangu ilikwapuliwa nikiwa NAONGEA nayo, mama mkwe upande wa pili anasikia pikipiki akadhani namkimbia.

Bonge wa Iwambi:

Si kweli Uyole kuna wezi kuliko Mbalizi. Mbalizi wanaiba mpaka mabati ya choo mtu yumo ndani.

Kaka wa Uyole:

Uyole wanaiba choo.

Binti Tukuyu:

Yaani mnashindana! Njooni Rungwe mwone wizi wa maana. Mama yangu ana miti ya parachichi, aina ya Hass, amepalilia kwa mkono wake, amezisubiri. Watu wanakuja usiku na tochi za kichwani wanavuna shamba zima na changa humo humo, wanavunja na matawi. Asubuhi mama anasimama chini ya mti anaangalia juu hana neno. Na kinachouma zaidi kuna mnunuzi anazipokea saa kumi usiku hamuulizi mtu shamba lako liko wapi. Huyo mnunuzi ndo mwizi wangu mimi. Asingekuwepo wa kununua usiku hakuna ambaye angepanda mti wa mwenzie na baridi ile.

Mama Kipanga:

Binti Tukuyu umeongea. Njombe hivyo hivyo. Sisi tumeanza kulala shambani, baba watoto amejenga kibanda, anakuja nyumbani Jumapili tu, watoto wanamwita mjomba.

Dereva wa Tunduma:

Hizo changa ndo mnatuuzia barabarani zinakaa wiki mbili haziivi zinaishia kusinyaa?

Binti Tukuyu:

Sisi hatuuzi changa! Mwenye shamba anasubiri ikomae, anayeuza changa ni aliyeiba ana haraka. Ukiona Hass ina mng'ao wa kijani imekakamaa na kikonyo kimenyofoka, acha.

Mama Mchele:

Jamani uzi huu ni wa jaketi. Mkutano ni Jumapili. Nani wa kitongoji chetu atasimama na mimi? Jirani Mwema upo?

Jirani Mwema:

Nipo mama, ila Jumapili hiyo nina safari kidogo ya Chunya.

Msomi wa Soweto:

Si mnaona?

Fundi Bati:

Mimi nitakuja mama. Nimekucheka lakini nitakuja, na mchango sitoi mpaka avue.

Bonge wa Iwambi:

Kuhusu kurudi usiku, kuna jambo la daladala nalo naomba lisemwe. Ruti imeandikwa Mbalizi ubavuni, ikifika Mafiati saa mbili usiku konda anasema gari linageuza, shukeni. Tunashushwa na mizigo, tunaanza kutafuta bajaji, wanapandisha bei wanavyotaka. Hapo ndo watu wanakabwa. Mwizi anajua kabisa abiria wa Mbalizi watashushwa wapi na saa ngapi.

Kaka wa Uyole:

Hata ya Uyole wanakatisha. LATRA wanaosimamia usafiri wapo, namba ya gari ipo, pigeni picha mpeleke.

Kondakta Mstaarabu:

Msilaumu makonda wote. Abiria wa Mbalizi wenyewe usiku mnakuwa wanne gari zima, na mmoja hana nauli kamili anasema atalipa kesho. Dizeli inaendaje?

Bonge wa Iwambi:

Wanne wapi? Asubuhi mnatupakia tunasimama mguu mmoja mpaka Kabwe, hiyo dizeli ya asubuhi si ilibaki?

Kondakta Mstaarabu:

Hela ya asubuhi ni ya bosi, ya jioni ni ya mafundi gereji, ya usiku ndo yangu. Njoo ushike mlango siku moja.

Bonge wa Iwambi:

Andika ruti mpya basi ubavuni, Mafiati, futa Mbalizi tujue moja.