Largo ya Dvořák kwa kinanda cha kompyuta: kanisani inageuka uji, nisaidieni

Kinanda_Donholm: Wadau, hamjambo. Mimi hupiga kinanda kanisani kwetu huku Eastlands. Kinanda cha mabomba hatuna, kwa hivyo nimeweka GrandOrgue, programu ya kuiga kinanda cha mabomba, kwenye laptopu yenye ramu ya giga 8, na kibodi mbili za midi, yaani za kuchomeka kwenye kompyuta. Kibodi ya miguu sina. Mwezi ujao kuna jioni ya muziki, na kwa domo langu niliahidi Largo, ile sehemu ya polepole ya simfoni ya 9 ya Dvořák. Nyumbani kwa hedifoni inatoa machozi. Juzi kanisani nota zilipandana, besi haikusikika, na sauti ilichelewa kufuata vidole. Mzee mmoja akauliza kama spika zimeharibika. Ule mtetemo wa fidla katikati nao naupiga kwa kurudia nota mbiombio, unatoka kama cherehani. Pesa ni kidogo. Nianzie wapi?

FundiSauti: Seti yako ya sauti, yaani zile rekodi za kinanda halisi ambazo programu inatumia, ilirekodiwa pamoja na mwangwi wa jengo? Nyingi huwa hivyo. Kwa hedifoni ni tamu, lakini ukiitoa ndani ya kanisa lenye sakafu ya saruji na paa la mabati, unamwaga mwangwi juu ya mwangwi. Tafuta seti iliyorekodiwa kavu, kanisa lako litaongeza lake. Kuchelewa ni bafa, yaani sauti ambayo kompyuta hukusanya kwanza kabla ya kuitoa. Bafa ya sampuli (vipande vidogo vya sauti) 1024, zikipita 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde 21 hivi, bado vifaa vingine. Shusha hadi 256, iwe kama 5, na utumie draiva ya ASIO, inayopitisha sauti haraka. Ikianza kukwaruza, panda kidogo. Ramu ikibana, pakia sauti kwa biti 16.

BesiTupu: Bila kibodi ya miguu hiyo ni kazi bure. Subiri ununue.

Mwalimu_wa_Kwaya: Asubiri mpaka lini, na jioni ni mwezi ujao? Mwanangu, shida yako nyingine ni kwamba unapiga karatasi ya okestra. Bach aliichukua konseto ya Vivaldi ya fidla mbili akaiandika upya kwa kinanda. Huko Liverpool karne ya 19, W. T. Best aliwapigia watu muziki wa okestra kwa kinanda cha mabomba. Hao hawakunakili kila upinde. Mtetemo wa fidla ushike tu kama akodi ndefu, kwa stopu (vile vitufe vya kuchagua aina ya sauti) laini za nyuzi. Besi za kudonoa zilizo chini yake, zipige fupi fupi kwa stopu ya filimbi. Wimbo wenyewe Dvořák alimpa koo anglee, ndugu wa oboe mwenye sauti nzito zaidi, basi mpe oboe kwenye kibodi ya pili, pekee yake. Na usigandamize vidole ukitaka sauti kubwa! Kinanda hakijui hasira yako. Ukubwa unatoka kwenye stopu na kanyagio la sauti.

FundiSauti: Mwalimu amenena. Kuhusu besi: C ya chini kabisa ya stopu ya futi 16 (stopu huitwa kwa urefu wa bomba lake refu) ni kama hezi 33. Spika za mahubiri hazifiki huko, hata ukiwa na miguu minne. Tumia futi 8, ambapo C hiyo inakuwa 65 hivi. Inaweza kusikika.

BesiTupu: Haya, nimenyamaza. Lakini sabwufa ya kukodi je?

Kinanda_Donholm: Asanteni sana. Nimebadilisha seti na kushusha bafa, leo asubuhi vidole na sauti vimeenda pamoja. Cherehani imeisha. Sabwufa nitauliza kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue. Sasa kilichobaki ni stima. Laptopu ina betri, spika hazina, na jenereta yetu huchukua dakika nzima kuwaka.

Mwalimu_wa_Kwaya: Karibu na mwisho wa Largo wimbo hukatikakatika, kila mtu anatulia kidogo kabla ya kuendelea. Omba tu stima ipotee hapo.

BesiTupu: Dakika nzima, mwalimu?

Mwalimu_wa_Kwaya: Afumbe macho. Watadhani anaomba.